Viatu Vilivyobana

Mtaa mzima ulimwita Kisigino. Fundi viatu kwa miaka thelathini, mdomo mkali kuliko sindano yake. Ukimpelekea kiatu kibovu, kwanza utasutwa wewe uliyekinunua, ndipo kishonwe.

Sukari alikuwa nayo tangu ujanani, wakazoeana kama wake wenza. Iliwaua mama yake na kaka yake, wote kwa figo. Za kwake zilikuwa salama salimini, basi akajua balaa limeshapita.

Binti yake wa pekee, naye wa sukari tangu shuleni, aliuza vitambaa dukani, kutwa kusimama. Siku moja alimletea viatu vyake vyeusi.

"Baba, vinanibana."

"Wamekuibia, mwanangu! Hii ngozi au karatasi?"

Akavitia kalibu, ule mguu wa mti, akavitanua. Mwezi haujaisha, karudi navyo. Akavitanua tena, huku akimlaani aliyevitengeneza na babu yake. Alipovitanua mara ya tatu, ngozi ilikuwa imelegea, haina tena pa kwenda. Fundi mzima, jamani, hakujiuliza kiatu gani hutanuliwa kila mwezi! Alilaumu kiatu, mguu hakuutazama.

Uso ulipovimba ndipo wakaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, alisoma majibu ya mkojo, akauliza habari za ukoo. Kisigino akamtaja mama, akamtaja kaka.

"Si kila mwenye sukari huharibika figo, mzee wangu," daktari alisema. "Wengine huzaliwa na udhaifu huo kwenye damu, unatembea na ukoo. Unaweza kumruka baba ukamwangukia mtoto. Ndiyo maana watu wa ukoo kama wenu tunawahimiza wapime mkojo kila mwaka, kabla mguu haujavimba. Tukiwahi, dawa za kuuchelewesha ugonjwa zipo. Hizi figo sasa zimechoka sana. Miguu ilianza kuvimba lini?"

"Juzijuzi tu," binti akawahi kujibu.

Kisigino akamtazama. Roho ilimpasuka, maana alijua anafichiwa aibu.

"Miezi mitano," akasema. "Viatu vyake nilivitanua mara tatu, kwa mikono hii."

Akaanza kufungua vifungo vya shati, kana kwamba kisu kipo tayari.

"Zangu si nzima? Toeni moja mpeni. Leo hii!"

"Mwenye sukari hatoi figo, mzee. Pole sana."

"Alaa! Ugonjwa nilimpa, hakuna aliyenizuia. Figo ndiyo nakatazwa?"

"Baba, kaa. Watu wanasikia."

"Na wasikie!"

Lakini akakaa, akalia kwa kwikwi mbele ya daktari. Binti akamsogelea, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akampangusa uso kwa mtandio wake. Ikawa mgonjwa ndiye anayembembeleza mzima.