Tarehe Iliyo Kwenye Medali

Mama tulimzika Kinole, nyuma ya nyumba, pembeni mwa pilipili manga zake. Kwa miezi mingi kaburi lilikuwa udongo mtupu. Kisha mdogo wangu, aliyekuwa akiuza mitumba mjini Morogoro, akaleta simenti. Ilikuwa miaka ile simenti ilipoanza kupatikana dukani kama chumvi, bila kuombewa kibali. Tukakubaliana tumjengee mama, na tuandike siku aliyozaliwa na siku aliyofariki.

Siku ya kufariki tuliijua. Ya kuzaliwa, tulikuwa na medali tu. Mama alikuwa akisema, “Nilizaliwa siku baba alipoleta medali.” Babu alikuwa jumbe wakati wa Mwingereza, akapewa medali ya kutawazwa kwa mfalme wao. Upande mmoja ina sura ya mfalme na malkia, upande wa pili tarehe ya mwezi wa Mei. Sote tulimhesabia mama umri kwa tarehe hiyo.

Fundi alikwisha kusawazisha simenti, ameshika msumari wa kuandikia. Mdogo wangu akamsomea tarehe. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu yetu.

“Mei ya nani?” akauliza.

“Ya mama. Imeandikwa hapa.”

“Hiyo ya mfalme. Alitawazwa kwao Ulaya. Au unadhani medali iliruka ikatua Kinole siku ileile?”

“Basi ilifika lini, mama mkubwa?”

“Ramadhani, vuli inanyesha. Baba alirudi kutoka bomani amelowa chapachapa. Nikampa maji, akanifokea kwamba amefunga. Jua halijazama, tukasikia kitoto kinalia chumbani. Nikaacha medali, nikakimbilia mtoto.”

“Ramadhani tarehe ngapi?”

“Nilikuwa mtoto, nahesabu futari, sihesabu tarehe.”

Mdogo wangu akanivuta kando. Alitaka tarehe kamili, watu wa mjini wakija wasituone washamba. Alisema Mei haimdhuru mtu. Fundi naye akasema simenti inakauka.

Mimi ndiye mkubwa, wakaniachia. Nilitamani sana mama awe na tarehe. Lakini nisingeweza kumwandikia juu ya kifua chake siku ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mfalme. Nikamwambia fundi aandike: Alizaliwa Ramadhani, wakati wa vuli. Mwaka tukauacha ule wa kwenye medali, kwa kuwa mama mkubwa alisema medali haikukawia hadi mwaka mwingine.

Fundi akaandika. Mama mkubwa akaomba asomewe, kisha akasomewa tena.

“Na mimi mtaandika mwaka wa nzige.”

“Nzige gani, mama mkubwa? Si walikuja mara nyingi?”

“Wale wakubwa!”

Tukacheka palepale kaburini, hata fundi. Nilikuwa sijacheka tangu msiba.