Manukato ya Darasa la Buswahili

Nimekulia Kitaji, Musoma, mahali ambapo upepo wa ziwa ukigeuka kila mtu anajua dagaa wameanikwa wapi. Labda ndiyo maana neno "manukato" lilinisumbua kuliko mengine yote ya kitabu cha kisomo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepangiwa kufundisha watu wazima katika kijiji cha Ujamaa huko Buswahili, na kila somo nililiandaa kana kwamba wanafunzi wangenishtaki.

Kitabu kilieleza kwamba manukato ni vitu vya kunukia, kama udi, marashi na asumini. Darasani kwangu, kati ya wakulima na wafugaji wote wale, hakuna aliyewahi kuviona. Nilijiuliza siku mbili nzima nitafanyaje. Mwishowe nikapanda basi hadi Bunda, nikanunua kichupa cha marashi sokoni, nikarudi nacho nimekifunga ndani ya soksi kisije kikavunjika.

Tulisomea katika shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Kichupa kikazunguka madawatini. Mzee mmoja alikinusa, akamkabidhi jirani yake upesi, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii inamnukia nani?"

Wakacheka. Mwingine akasema akijipaka hiyo ng'ombe wake watamkataa, asikamue hata tone.

Mama mmoja tu hakucheka. Ndiye aliyekuwa amenipangisha chumba. Wanawake wa kijiji walikuwa wameanzisha kikundi cha kupeleka maziwa kwa watoto wadogo wa kituo cha malezi, wakamchagua yeye awe katibu, lakini uongozi ulisema katibu anayetia dole gumba hawezi kuandika kumbukumbu za kikao. Alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa kisomo. Kwa hiyo alisoma kwa bidii iliyonitia hofu, maana nilijua akianguka nitakuwa nimemwangusha mimi.

Siku ile alikwenda ubaoni, akashika chaki kama anayeshika mwiko, akaandika polepole: Manukato ni moshi wa kibuyu.

Nilimwelewa. Nilikuwa nakunywa maziwa yake kila asubuhi. Kabla ya kukamua, alichoma ncha ya kijiti cha mti fulani hadi ikawa kaa, akakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua pande zote, kisha akakung'uta majivu. Maziwa yaliyokaa humo yalikuwa na harufu ambayo hadi leo nikiikumbuka nasikia njaa. Lakini mtihani ulikuwa wiki iliyofuata, na mtahini, nilisikia, alikuwa mtu wa pwani. Nikamweleza kwamba hayo si manukato, huo ni moshi tu. Nikachukua kifutio, nikafuta.

Alirudi kukaa, akanakili udi, marashi na asumini kama nilivyotaka. Wiki nzima nilikifikiria kile kifutio. Kama nilikosea, nimemnyang'anya mtu neno lake. Kama sikukosea, mbona nyumbani alikuwa ananiwekea maziwa mezani bila kusema kitu?

Siku ya mtihani mtahini aliandika maneno matano ubaoni, kila mtu achague moja alitungie sentensi mbili. La tatu lilikuwa manukato. Nilipopita karibu na dawati la mama niliona ameandika: Manukato ni moshi wa kibuyu. Maziwa yananukia. Nikatoka nje, nikasimama ukutani, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mtahini.

Alipotoka na karatasi mkononi, nilimfuata mbio. Nilimwambia kosa la yule mama ni langu, kwamba sikumfundisha vizuri, kwamba kitabu kiko wazi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Kosa lipi?" akauliza. "Ameandika mwenyewe, na mimi nimesoma bila kubahatisha herufi. Nilitumwa kuangalia hilo tu."

Kisha akamwita mama, akataka kujua huo moshi wa kibuyu ni kitu gani.

"Kibuyu tunakifukizaga, baba," mama akasema. "Kisipofukizwa, mtoto anakataa maziwa."

Nyumba haikuwa mbali. Mama alikileta kibuyu kikiwa na maziwa, mtahini akafungua kizibo, akanusa, akanusa tena.

"Kwetu tunafukiza udi kwenye nguo," akasema. "Nyinyi mnafukiza chakula. Mmetuzidi."

Akaomba kikombe, kisha cha pili. Mimi nilikaa kwenye ngazi za shule kwa sababu nilihisi kama mtu aliyetua gunia la pamba baada ya kulibeba wiki nzima bila kuambiwa alibebe.

Mama alifaulu. Baada ya kikao chake cha kwanza alinisogezea daftari la kikundi mezani, pembeni ya kikombe changu. Mistari ilipanda na kushuka, lakini yote ilisomeka: nani alifika, nani aliomba ruhusa, watoto wangapi walikunywa. Chini kabisa aliandika kwamba maziwa ya siku hiyo yalikuwa na manukato.

"Hili nalo utalifuta, mwanangu?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu, kwa mazoea tu. Nikairudisha mfukoni, nikanywa maziwa.