Mpokeaji wa Sita

Mwaka niliohamia Berea, mtaa wa Johannesburg, nilikuwa mchambuzi wa mpira wa Kimarekani, ingawa sijawahi kufika Marekani wala kuugusa mpira wenyewe. Sikudanganya ili kuipata kazi hiyo. Tangazo la mtandaoni lilitaka mtu anayeandika Kiingereza safi, anayetimiza muda na anayependa michezo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimesomea ualimu, na michezo naipenda: nimeishangilia timu ya mtaani kwetu ikishuka daraja miaka miwili mfululizo. Mhariri, ambaye hadi leo sijaisikia sauti yake, alinijaribu kwa makala moja ya viatu vya kukimbilia, akaridhika, akanipa kazi. Akanipa na jina. Makala zangu zikawa zinatoka kwa jina la Mmarekani, na juu yake picha ya mzungu mwenye kofia na shingo nene. Niliandika kumuuliza huyo ni nani. Akajibu, "Ni wewe."

Nilikuwa napanga chumba kimoja katika fleti ya ghorofa ya tano. Sebuleni aliishi fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu mzima wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za kwaya. Mchana kutwa yeye alikuwa kwenye cherehani na mimi kwenye kompyuta, meza moja, uso kwa uso, maana sebuleni ndiko kulikokuwa na jua na baridi ya Agosti haina huruma. Tulizoeana kama watu wa ofisi moja.

Siku moja mhariri alinitumia kazi mpya. Msimu wa mpira wa vyuo ulikuwa unakaribia, naye alitaka makala ya kuwatathmini wapokeaji wa chuo kimoja kabla ya mechi ya kwanza. Wapokeaji walikuwa sita. Sharti lake lilikuwa aya moja kwa kila mchezaji, bila kumruka hata mmoja.

Nilikaa siku mbili nikitazama video ili nijue mpokeaji ni nani. Fundi alivumilia siku ya kwanza. Ya pili akasimamisha cherehani.

"Ndugu, huyu mutu wa pembeni, kazi yake iko nini?"

"Anakimbia. Mwenzake wa katikati anaurusha mpira, yeye anaudaka."

"Na kama hawamutupie?"

"Anakimbia hivyo hivyo."

"Halafu?"

"Anarudi, anakimbia tena. Pengine mechi nzima."

Fundi akakata uzi kwa meno, akafikiri. "Bon. Na wanamulipa?"

"Huyu ni mwanafunzi, fundi."

"Eish," alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la Johannesburg, na alilitunza kwa mambo mazito tu.

Wapokeaji watano wa kwanza hawakunipa shida. Walikuwa na video, mahojiano, na mashabiki waliogombana juu yao mtandaoni kama mawakili. Niliokota hoja za huku na za kule, nikaziandika kwa sauti ya mtu mwenye shingo nene. Wa sita ndiye aliyenikwamisha. Alikuwa amejiunga na timu mwenyewe, bila ufadhili, huo ukiwa mwaka wake wa tatu, na hakuwahi kuingia uwanjani. Kulikuwa na picha yake, urefu, uzito na jina la mji mdogo alikotoka. Basi.

Niliigeuza kompyuta nikamwonyesha fundi ile picha. Kijana alikuwa amesimama ameshika mpira kifuani, hatabasamu.

"Unamwonaje huyu?"

Fundi alivaa miwani yake ya kupimia. "Huyu iko na mikono mukubwa."

Nikaandika: "Msimsahau huyu. Waliokuwapo mazoezini wanasema ana mikono salama kuliko wapokeaji wote kambini." Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa na uzito. Ilinukia nyasi na jasho. Nikaituma, nikaenda kuswali alasiri bila kujisikia mkosaji hata kidogo.

Baada ya siku tatu nikapata barua pepe. Mwandishi wake alijitambulisha kuwa ni bibi wa mpokeaji wa sita. Alisema amemlea yeye tangu alipokuwa hajui kutembea. Miaka miwili alikuwa akitafuta jina la mjukuu wake kwenye magazeti na mitandao, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu ameandika juu yake zaidi ya urefu na uzito. Ameichapa aya ile, ameibandika kwenye mlango wa friji, na nakala nyingine ameipeleka kanisani. Alinishukuru kwa kuchukua muda wangu kwenda mazoezini. Kisha akauliza swali moja: Je, nilikwenda siku ile ya mvua, au ile ya joto kali? Maana mjukuu wake alimwambia siku ya mvua mikono iliteleza.

Nilimsomea fundi barua yote, nikiitafsiri mstari kwa mstari.

"Sasa utamujibu nini?" akauliza.

"Mpaka sasa nimeandika salamu tu."

"Umwambie ulienda ya joto," alisema mzee wa kanisa.

Sikumwambia hivyo, lakini ukweli pia sikuusema. Nilimwandikia bibi kwa adabu niliyofundishwa kwetu: nilimwuliza hali yake, hali ya nyumbani, kama mvua imenyesha vya kutosha na kama majirani hawajambo, nikamshukuru kwa barua yake na kumwombea mjukuu wake kheri. Kuhusu mazoezi nilinyamaza. Akajibu siku ileile, furaha tele, akanieleza habari za majirani mmoja mmoja.

Tangu hapo aibu ikaniingia. Kuwadanganya mashabiki sikuona neno, kwani nao walikuwa wakidanganyana wenyewe kwa wenyewe. Lakini bibi aliyebandika uongo wangu kwenye friji alinikosesha raha ya chakula. Niliona angalau nijue kitu kimoja cha kweli kuhusu kudaka mpira. Jumamosi nilishuka mjini, nikanunua kwa mchuuzi mmoja mpira wa raga, ambao ni mnene kidogo kuliko ule wa Wamarekani lakini umechongoka vilevile, na Jumapili baada ya ibada nikaenda na fundi kwenye uwanja wa wazi upande wa Troyeville. Alikuja na suti yake ya kanisani. Alisema hana nguo za mchezo na hana nia ya kuzishona.

Fundi alirusha vibaya sana, ila kwa bidii. Mimi nilikimbia kama nilivyoona kwenye video: mbele, kisha nakata kushoto, kisha nageuka. Mpira ulinipiga kifuani, begani, na mara moja sikioni. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mifuko ya sokoni alisimama, akatuangalia kwa huruma, akasema kwa Kiingereza kwamba raga inachezwa na watu kumi na watano, hivyo tumepungukiwa kumi na watatu. Akaenda zake.

Mlinzi wa jengo la jirani ndiye aliyenisaidia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitutazama muda wote. Mwishowe akapiga kelele, "Baba, unaitazama mikono yako! Mikono haipotei. Tazama mpira!"

Nikautazama mpira. Ulikuja ukizunguka, nikauona mpaka mishono yake, nikanyoosha mikono, na ncha yake ikanigonga kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Nilisikia kitu kikilia, tiki. Mpira ulianguka, nami nikachuchumaa nimeshika mkono, nikimtaja Mungu kwa majina yake mengi.

Fundi alinikagua, akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cha zambarau, masalio ya sare za kwaya, akanifunga kidole kwa ustadi mkubwa. "Ule mutoto," alisema akifunga, "anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na hawamutupie?"

"Hawamtupii."

Hakusema hata eish.

Mechi ya kwanza ilichezwa mchana wa kwao, magharibi kwetu. Niliswali, fundi akachemsha chai, tukakaa mbele ya kompyuta. Chuo chao kilikuwa kinaongoza kwa mbali, na kwa sababu hiyo kocha akaanza kuwaingiza wachezaji wa akiba. Nikaiona namba yake ikitoka pembeni. Nikamshika fundi mkono.

Alikimbia mara sita. Mara zote sita mpira ulikwenda kwingine, naye mara zote alikimbia mpaka mwisho kwa kasi ileile, kana kwamba hakuna aliyemwambia kuwa mpira hauji. Fundi aliacha kunywa chai. Mara ya saba mrushaji alitazama upande wake, mpira ukaruka juu, ukashuka taratibu, kijana akanyoosha ile mikono mikubwa. Ukagonga viganja vyote viwili. Ukaanguka.

Kidole changu kikaniuma kama nimepigwa upya.

Mtangazaji akasema, kwa masikitiko ya kitaalamu, kwamba hilo ni jambo la kushangaza, hasa kwa mchezaji anayesemwa kuwa na mikono salama kuliko wote kambini.

Nilipomtafsiria fundi, aligeuka. "Anasemwa na nani?"

"Na wewe," nikamjibu.

Kesho yake asubuhi nilimwandikia bibi. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba sikwenda mazoezini siku ya mvua wala ya joto, kwamba mimi si yule mtu wa kwenye picha, ni Mtanzania ninayeishi Johannesburg, na kwamba yale maneno yalitoka kwa fundi cherehani aliyeitazama picha ya mjukuu wake. Nilimwambia nimejaribu kudaka mpira mmoja nikavunjika kidole. Nilisema kama kijana amechekwa kwa sababu yangu, naomba radhi kwake na kwa mjukuu wake, na kwamba aya ile aibandue.

Siku ya tatu akajibu.

Alisema alijua mapema kwamba yule wa kwenye picha si mimi. Hakuna mwanamume wa kwao, aliandika, anayeuliza habari za majirani kabla ya kuzungumza mpira. Kuhusu mikono, alikuwa na mashaka tangu mwanzo, maana amemlea mwenyewe na sahani alizovunja anazikumbuka. "Lakini umechelewa kunieleza," aliandika. Mjukuu wake alikuwa ameisoma aya ile siku ilipotoka. Tangu siku hiyo anakwenda uwanjani saa nzima kabla ya wenzake, anasimama mbele ya mashine inayorusha mipira, anadaka hadi mikono ivimbe. Bibi alimwuliza kwa nini anajitesa hivyo. Akamjibu, "Kuna mtu huko ameweka jina lake kwenye maandishi kwamba mikono yangu ni salama, sitaki aonekane mwongo."

Mwisho akasema nisimwandikie mjukuu wake lolote, na kwamba aya haibandui.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na matusi ningeweza kuyabeba.

Siku hiyohiyo mhariri naye aliniandikia, kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Tovuti yetu ilikuwa imenukuliwa na mtangazaji kwenye matangazo ya moja kwa moja. Kuanzia sasa nitakuwa mchambuzi mkuu wa wapokeaji. Nilimjibu kwamba sentensi iliyonukuliwa haikuwa na msingi na ningependa kuisahihisha. Akauliza kama mchezaji amelalamika. Nikasema hapana. Akasema basi hapo pana kosa gani. Niliandika ripoti ya mechi, na ndani yake nikaweka kitu cha kweli nilichokiona kwa macho yangu: kwamba mpokeaji wa sita alikimbia mara sita bila kurushiwa, na hakupunguza mwendo hata mara moja. Mhariri aliikata sentensi hiyo. Alisema haina habari ndani yake.

Tukawa tunatazama kila Jumamosi, fundi na mimi. Mara nyingi kijana hakuingia. Wiki alizoingia alikimbia, akarudi, akakimbia. Fundi alianza kumwita "mutoto wetu," na kanisani aliomba dua kwa ajili yake bila kueleza ni nani. Waumini walidhani ni mtoto wake aliyebaki Bukavu.

Ilikuwa katikati ya msimu, Jumamosi ya joto, madirisha yako wazi, siku alipodaka. Haukuwa mpira wa maana. Timu yao ilikuwa imeshafungwa vibaya na watu walikuwa wanaondoka uwanjani. Mrushaji wa akiba aliurusha mfupi, kijana akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akapiga hatua mbili, akaangushwa na mtu mkubwa mara mbili yake. Aliinuka bado anao. Mtangazaji hakulitaja jina lake. Alikuwa anaeleza mechi ya wiki ijayo.

Fundi aliruka kwa nguvu hata rundo la sare likamwagika sakafuni. Akapiga yowe, jirani wa chini akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Kisha akaketi tena, akasubiri nimweleze kinachofuata.

"Imeisha? Njo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, fundi."

Akainama, akaanza kuokota nguo za kwaya moja moja, akizikung'uta vumbi. Mimi nikamwandikia bibi kwamba safari hii nimeona mwenyewe.