Nilivyomtafsiria Ami Huleli

Binamu yangu Atwa alikuwa mbishi kupindukia, na asiniambie mtu eti marehemu husifiwa tu. Alikuwa akitazama alama za kwato mchangani anakwambia mbuzi huyu ana mimba, yule anaumwa mguu wa nyuma, na ukimbishia hamlali. Jeshi lilimchukua kwa macho hayo hayo. Aliingia kama msoma nyayo, akapanda mpaka ukapteni.

"Huna haya?" nilimwambia siku moja. "Unawatumikia watu wanaotubomolea mabanda?"

Akacheka. "We Freji, si unawachumia nyanya zao? Tofauti yetu nguo tu."

Akajenga nyumba ya matofali, vyumba viwili, kwenye ardhi ya babu yetu huku jangwani Negev, kijiji ambacho serikali inasema hakipo. Hawawezi kubomoa nyumba ya kapteni, alisema. Rangi haijakauka, karatasi ya amri ya kubomoa ikabandikwa mlangoni. Aliibandua akaiwashia moto wa chai.

Aliuawa mpakani, kwenye mapigano ya asubuhi, akiwa ametangulia mbele ya askari wake kukagua njia. Nusu ya ukoo haikuja msibani kwa sababu ya ile bendera ya serikali juu ya jeneza. Wanajeshi walikuja, wakapiga risasi zao hewani, wakaenda zao. Baba yake, Ami Huleli, alikaa hemani siku tatu na birika lake la kahawa, na wanywaji wakawa wa kuhesabu. Iliniuma, wallahi iliniuma.

Miezi minne baadaye amri ikaletwa upya: siku thelathini. Mama yake Atwa alikuwa hajagusa kitu mle ndani. Sare zake, viatu, picha, blanketi alilojifunikia likizo ya mwisho, vyote vilikuwa pale pale. Ami akavaa joho lake la heshima.

"Twende kwa mkubwa wake. Wewe Kiebrania unakijua."

Kanali Zohari alitupokea nyumbani kwake. Mtu mpole, alipomtaja Atwa machozi yalimlengalenga. Mkewe akaleta kahawa. Ami akapokea kikombe, akakiweka chini bila kuonja. Kwetu mgeni akifanya hivyo, mwenye nyumba anajua ameletewa haja nzito, na mpaka atamke kwamba imekubaliwa, kikombe hakiguswi. Kanali alitazama kikombe, akamwuliza mkewe kama kuna chai.

"Mwambie sinywi mpaka nyumba ya mwanangu iachwe," alisema ami.

Nikamwambia. Kanali akajikuna kichwa. "Hilo haliko mikononi mwangu. Nitaandika barua, lakini siwezi kuahidi kitu. Mwambie anywe, kahawa inapoa."

Ami akanigeukia. "Kasemaje?"

Nilimtazama. Mzee wa miaka sabini na tatu, mikono juu ya magoti, kikombe kinapoa mbele yake kwenye nyumba ya watu. Nilishindwa. "Kasema imekubaliwa, ami. Kunywa."

Akanywa. Akasimama akambusu kanali begani. Njia nzima alikuwa akinipigapiga paja. "Umeona? Mwanamume ni huyo!" Na mimi nikajidanganya kwamba barua ya kanali itafanya kazi, na uongo wangu utageuka kweli.

Siku zikayoyoma. Nikamwomba tutoe vitu, angalau sanduku la Atwa tu.

"We una wazimu?" alifoka. "Mtu kanipa neno lake juu ya kikombe, mimi nifungashe virago? Nimtukane hivyo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Mwoga mimi.

Tingatinga lilikuja na polisi saa mbili asubuhi. Ami alitoka akitabasamu, akawaambia wamekosea nyumba, wampigie kanali simu. Wakamshika mikono, wakamweka kando. Nyumba haikuchukua hata robo saa. Mama yake Atwa alichakura vifusi kwa kucha mpaka jioni, akapata kiatu kimoja.

Kumbukumbu ya mwaka tuliifanyia hemani, kando ya vifusi hivyo. Ukoo haukuja. Jeshi halikuja. Kanali Zohari ndiye aliyekuja, peke yake, anaendesha gari mwenyewe, na shada la maua mkononi.

Ami hakumpa mkono.

"Mwongo!" alimwambia. "Ulinipa neno, nikanywa kahawa yako, ukaacha wanibomolee mwanangu! Freji, wewe ni shahidi. Hukusikia?"

Mama yake Atwa aliinua macho akanitazama.

"Nilisikia, ami."

Kanali alinishika mkono. "Anasema nini? Kwa nini amekasirika hivi? Mwambie niliandika barua tatu. Mwambie nilisema siahidi, wewe si ulikuwepo?"

"Anasemaje?" aliuliza ami.

Maneno yalikuwa yamenifika mdomoni, Mungu ni shahidi.

"Hana la kusema, ami."

Ami akanyoosha kidole kuelekea barabarani. Kanali alinigeukia mimi, akitaraji nimweleze. Kisha akayaweka maua chini, akaenda kwenye gari lake akifuta macho kwa mkono wa shati.

Mwaka uliofuata tulimkumbuka Atwa tukiwa watatu: ami, mama wa marehemu na mimi.