Mama Aliyelinda Shamba Tupu

Mwezi uliopita nilikuwa Mandewa kwa dada yangu, nikimsaidia kupepeta uwele uani. Upande wa pili wa ua mtoto wa jirani alikuwa akisoma kwa sauti kitabu cha shule, kwa ule mtindo wa kuimba tuliofundishwa sote: "Palikuwa na sultani mmoja mwenye shamba la dhahabu." Ungo ukanitoka mikononi. Dada alidhani nimeumwa na nge. Sikumwambia kitu. Wewe nitakuambia, kwa sababu nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Sultani yule ni wangu. Nilimtunga nikiwa na miaka kumi na mmoja, wakati wa Mwingereza, na mahali nilipomweka palikuwa na mtu mwingine.

Uwele ulipoanza kukomaa, mimi na bibi tulikuwa walinzi wa ndege. Tulipanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, umande ukiwa haujakauka, tukiwa na kibuyu cha uji, kiporo cha ugali, mlenda wa jana na rundo la madongo ya kurusha. Kwelea walikuja kama moshi. Bibi alinisimulia hadithi macho yake yakiwa juu, na katikati ya neno alikata ghafla: "Haaa! Haaa-yee!" Kisha akaendelea palepale alipoachia. Nilizoea hata nikaona kelele ile ni sehemu ya hadithi.

Na katika hadithi aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa hivyo kweli. Ilikuwa ya mama mmoja wa mwaka wa njaa. Shamba lake lilikauka lote, halikubaki hata suke. Lakini kila alfajiri alipanda dunguni akafukuza ndege wasiokuwapo, ili watoto wake, wakisikia kelele zile pale walipolala, wajue kuna kitu kinalindwa. Bibi hakuwahi kuimaliza. Kila tulipofika pale wingu la kwanza linapotokea, kwelea walishuka, au shangazi alituita tukale. "Tutaimaliza, mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Shuleni nilikuwa na mapenzi mengine. Mwalimu wetu alitoka pwani, akaja na sanduku la vitabu lililojaa masultani, majini na majumba yenye milango ya fedha. Nilivisoma mpaka nikaviota. Niliapa kwamba nitakuwa mtunzi, na niliamini kwa moyo wote kwamba hadithi iliyo hadithi haiwezi kuwa na mlenda ndani yake.

Siku moja akaja Mzungu wa elimu, akitafuta hadithi za wenyeji za kuchapa kitabuni. Nikamtaja bibi. Alijipaka samli, akajifunga kaniki yake mpya, tukaenda shuleni kwa miguu. Njiani aliniambia jambo ambalo hakuwa amelisema dunguni: yule mama ndiye aliyemzaa. "Sasa hatapotea," alisema.

Mwalimu na Mzungu hawakujua Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kwa hiyo nilikaa kati yao na bibi barazani, nitafsiri. Sentensi mbili za kwanza nilizitafsiri sawasawa. Kisha nikafika kwenye mtoto anayelamba chungu kitupu, nikaona mwalimu anakunja uso. Aibu ikanishika. Nikamvisha yule mama kilemba, nikamgeuza sultani. Uwele nikaufanya dhahabu. Bibi alisema yake nami nikasema yangu, na kalamu ya Mzungu ikaanza kukimbia. Mwalimu akatabasamu, nikalewa. Ndipo bibi alipotoa ile "Haaa!" kwa nguvu zake zote, Mzungu akashtuka hata wino ukamwagika.

"Ana nini?" aliuliza.

"Ni mzee, bwana," nikasema. "Amechanganyikiwa kidogo."

Bibi alijua Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Kuchanganyikiwa ndiyo nini?"

"Ni kuchoka, bibi."

"Basi ulisema kweli, nilichoka. Lakini nimeisema yote."

Kitabu kilikuja mwaka uliofuata. Bibi aliwaita majirani, akataka nisome. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilisoma ilivyoandikwa, nikiigeuza kwa Kinyaturu, sauti ikizidi kudidimia. Jirani mmoja mcheshi akadakia, "Kumbe kwenu mlikuwa na dhahabu, na chumvi mnakuja kuomba kwangu!" Wote wakacheka.

Bibi hakucheka. "Soma pale anapofukuza ndege," alisema.

Nikafunua kurasa mbele na nyuma, kana kwamba pengine pangetokea.

"Hapapo, bibi."

Akainuka taratibu, akaingia ndani.

Hakunigombeza hata siku moja. Msimu ule tulipanda dunguni kama kawaida, akanipa uji mimi kwanza, akafukuza ndege. Hakusimulia kitu.

Miaka ikapita. Nikiwa shule ya bweni, nimeanza kuandika kwa dhati, ndipo nilipofahamu ni nini nilichokuwa nimekishika. Nilirudi likizo na daftari jipya, nikapiga magoti mbele yake. "Bibi, wingu lilipotokea, yule mama alifanyaje?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si niliimaliza siku ile barazani? Ulikuwa umekaa karibu yangu, mke mwenzangu. Magoti yetu yaligusana."

Yaligusana, naam. Lakini masikio yangu yalikuwa kwa sultani, nikitafuta jumba lake liwe na milango mingapi. Nilimsihi anisimulie tena. Alisema, bila hasira, nimalizie mwenyewe, kwani mimi ndiye ninayejua kutunga. Hakufikia mavuno mengine.

Siku hizi madungu ni machache kwetu, na watoto wanaolinda ndege hupiga madebe, hawapazi sauti. Nami nimeandika miisho mingi ya hadithi ile. Katika mmoja mvua inanyesha, katika mwingine wingu linapita. Yote ni mizuri, na yote nimeichana. Ninachojua ni kimoja tu: kati ya watoto waliolala wakisikiliza kelele zile, mmoja alipona, akakua, akazeeka, akatembea kwa miguu hadi shuleni kwetu ili mimi nimsemee.