Kulwa, Doto na Picha ya Nane

Kama ulikuwa mtoto huko kwetu Didia katika miaka ya hamsini, najua unalikumbuka vumbi. Vumbi la kiangazi, jepesi kama unga wa mtama, lililotujaa masikioni tulipocheza kombolela nyuma ya maghala ya pamba, mpaka jioni mama zetu wakashindwa kumjua wa kwao na wa jirani. Unakumbuka mvuke wa matobolwa ya viazi vitamu yakichemka chunguni, na michembe, vile vipande vya viazi vikavu, tuliyoificha mifukoni ili tuitafune darasani kimyakimya; mwalimu akigeuka, mataya yote yanasimama pale pale yalipofika. Unakumbuka na kiboko cha mwalimu, lakini hicho tukiache.

Mimi, kuliko hayo yote, nakikumbuka kisanduku cheusi cha Baba.

Baba alikuwa karani wa kupima pamba. Kamera aliinunua Shinyanga mjini, ya mtumba, na hakuwahi kumtoza mtu hata senti. Alipenda tu. Jumapili, ibada ikiisha, alijitundika kile kisanduku shingoni, akapanda baiskeli na kwenda popote pale magurudumu yalipokubali: mnadani, harusini, kwenye ngoma za mavuno. Safari moja alifika hadi Ushirombo kuliona kanisa la misheni. Alirudi baada ya siku nyingi, anatembea kwa kuchechemea, hawezi kukaa kitini, na picha alizoleta ni mbili: moja ya kanisa, nyingine ya mbwa wa padri.

Mama alimuuliza, "Baba Kabula, umekwenda mwendo wote ule kupiga mbwa?"

"Ungemwona alivyokaa," Baba akajibu. "Kama hakimu."

Mkanda ulikuwa na picha nane. Baba aliweza kukaa nao miezi mitatu kabla haujaisha, kisha akaupeleka Mwanza kwa treni ukasafishwe, nasi tukasubiri tena mwezi na zaidi. Bahasha ilipofika, kijiji kizima kilijua. Mama alitandika mkeka uani, akaweka beseni la maji na kitambaa, na hakuna aliyegusa picha kabla ya kunawa na kukausha mikono. "Shika pembeni," alituonya, "vidole vyenu vina mafuta ya karanga." Picha ilianzia kwa wazee, ikashuka mkono kwa mkono mpaka kwetu watoto, na Baba akisimulia: hapa nilikuwa wapi, jua lilikuwa upande gani, huyu alisema nini kabla sijambana kwa kamera. Bibi alikuwa na desturi yake. Kila picha ya mtu ilipomfikia aliisalimu kwanza. "Mwadila," anaiambia, kisha anatulia kidogo kama anayengoja kuitikiwa, ndipo anaipitisha. Mbwa wa padri peke yake hakupewa salamu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Kulwa, mama wa mapacha wawili wa kike waliokuwa na miaka sita. Ninyi wa kwetu mnajua: wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, na malezi yao yana sheria moja. Anachopata huyu, apate na yule, sawasawa. Nguo zao zilikatwa kwenye jora moja. Yai likiwa moja, liligawanywa kwa uzi. Kulwa akichapwa kwa kumwaga maziwa, Doto naye alipata kimoja, hata kama maziwa yalimwagika yeye akiwa amelala.

Mwaka ule kifaduro kiliingia, kikampata Doto. Baba yao alikuwa anafanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu Geita, na mgodi ulikuwa na hospitali, kwa hiyo alikuja kumchukua. Kulwa alibaki ili asiambukizwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wale kulala mbalimbali. Mama Kulwa aliendelea kupakua sahani mbili. Alikuwa akimaliza ile ya pili mwenyewe, amegeukia ukuta.

Sasa sikilizeni kosa la Baba. Jumapili moja jioni Kulwa alikuwa anapita uani kwetu, amejitwika kibuyu cha maziwa, jua limemwangaza upande mmoja wa uso, pengo la jino la mbele liko wazi kwa kicheko. Baba hakufikiri. Mtu mwenye kamera mkononi husahau hata mila alizonyonya kwa mama yake. Akainama, akambana. Kle!

Mama Kulwa alikuwa ametokea kwenye pembe ya nyumba.

"Baba Kabula! Umefanya nini?"

"Nimempiga mtoto picha, Mama Kulwa. Alikuwa amependeza."

"Peke yake?" Sauti yake haikuwa kubwa, na hilo ndilo lililotuogopesha. "Pacha anasimama peke yake lini, we baba? Si siku mwenzake amezikwa? Doto wangu yuko Geita anakohoa damu, wewe huku umeshamtoa!"

Baba alisimama kama mwanafunzi aliyekutwa na michembe mdomoni. Alijaribu kusema kwamba picha ni karatasi tu. Akaona haya, akaacha. Akakitazama kisanduku chake, kwenye kile kidirisha chekundu cha nyuma kinachoonyesha namba.

"Imebaki moja," alisema. "Namba nane. Nitampiga Doto."

"Mkanda huu huu?"

"Huu huu."

"Maana usije ukaniletea mkanda mwingine. Nguo yao ni jora moja. Na picha zao zitoke mkanda mmoja, zisafishwe siku moja, nizione pamoja. La sivyo, usinisalimie tena."

Kusalimiana kwetu hakukuwa jambo dogo. Baba akaomba likizo. Mimi nikachukuliwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na kifaduro nilikwisha kukiugua. Lakini naamini Mama alinituma nimchunge mumewe, kwani alimjua.

Na kweli alihitaji kuchungwa. Safari ile ilikuwa kama imepangwa kumjaribu. Kwenye treni kulikuwa na bwana harusi na bibi harusi, wanaona aibu hata kutazamana. Bwana harusi akamsihi Baba awapige moja tu, akaahidi kuku. Baba akatikisa kichwa. Mwanza tukayaona yale mawe makubwa yaliyobebana juu ya ziwa kama watoto wanaopandiana mgongoni. Baba alisimama mbele yake muda mrefu, mikono ameificha mifukoni. Kwenye kivuko ng'ombe mmoja mweupe aliweka kidevu juu ya ukingo na kuyatazama maji kwa huzuni ya mtu mzima. "Kabula," Baba aliniambia kwa unyonge, "niondoe hapa."

Tulifika Geita juu ya magunia ya chumvi, katika lori. Kambi ya mgodi ilikuwa na watu wa lugha zote: Wasukuma, Wazinza, Wahaya, watu kutoka pande ambazo sikuwahi kuzisikia. Tulipokaribia, king'ora kililia na zamu ikaanza kutoka shimoni. Ee, ndugu zangu! Watu wa rangi moja ya kijivu, Mwislamu na Mkristo, mrefu na mfupi, wote wamekuwa sawa kwa vumbi la mawe, na kwenye kofia zao taa ndogo bado zinawaka mchana. Macho yao ndiyo pekee yaliyokuwa na maji.

Nilimwona Baba akifungua kifuniko cha kamera.

"Bwana picha, tupige!" akapaza sauti nyapara mmoja, Mgogo mnene mwenye kicheko. "Au Msukuma anajua kupiga ng'ombe tu?"

"Wewe Mgogo, ukinawa uso utakuwa na sura ya kupigwa?" Baba akamjibu, naye ameshainama, jicho limeshaingia kwenye kioo, kidole kiko juu ya kifyatuo.

Nikamshika mkono. "Baba. Hiyo ni ya Doto."

Akakiondoa kidole. Leo, nikiwa nami nina kazi ya kuokota vitu vizuri na kuviweka kwenye karatasi, ndipo najua alichokiacha pale.

"Doto ndiye nani?" nyapara akauliza. "Mke mdogo?"

Wote wakacheka. Baba akainuka. "Ni mtoto wa jirani. Pacha. Anaumwa kifaduro, na mama yake anangoja nimpeleke picha yake."

Kicheko kikakatika. Nyapara akavua kofia. "Si binti wa yule jamaa wa Didia, anayekohoa usiku kambi nzima tunalala macho? Twende."

Doto tulimkuta mbele ya nyumba ya baba yake, ametoka wodini juzi, amefunikwa blanketi. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kifaranga. Alituamkia mmoja mmoja, "Shikamoo," hata wale wachimbaji saba waliotufuata. Baba alipomweleza, aliuliza swali moja tu, lakini alilitaka jibu lake:

"Kulwa alicheka au hakucheka?"

"Alicheka," nikasema. "Mpaka pengo likaonekana."

"Basi na mimi nicheke."

Akajaribu. Kila kicheko kilipoanza, kikohozi kilikiwahi, kikamkunja mpaka machozi. Baba alingoja amepiga goti, jua linashuka. Ndipo yule nyapara mnene akageuza kofia yake nyuma mbele, taa ikawa kisogoni, akaanza kutembea kinyumenyume akijigonga kwenye kuta na kulalamika kwamba shimo la leo lina giza. Wenzake wakamfuata, wakakumbana, wakaanguka chali mmoja juu ya mwingine. Doto akacheka. Hakukohoa. Alicheka mdomo wazi, na, niamini, jino lake la mbele nalo lilikuwa limeng'oka.

Kle!

Tulirudi tukiimba. Mkanda tuliuacha Mwanza, na kusubiri kukaanza upya. Kila tulipokutana kisimani Mama Kulwa aliniuliza, "Wanangu bado wako Mwanza?" nami nikajibu, "Bado, mama." Kisha habari ikaja kutoka Geita kwamba Doto amerudishwa wodini. Tangu siku hiyo Mama Kulwa hakuuliza tena. Alipita mbele ya nyumba yetu akitazama barabara, na Baba alikoma kukaa barazani.

Bahasha ilipokuja, Baba aliifungua peke yake chumbani. Alikaa huko mpaka Mama akamfuata. Niliwasikia.

"Nane haikuwa imebaki," Baba alikuwa anasema. "Kila nikipiga huwa nazungusha mkanda pale pale. Siku ile aliponifokea, sikuzungusha. Namba nane niliyoiona ilikuwa ya Kulwa. Nimempiga Doto juu yake."

"Ichome," Mama akasema.

"Nimwambie nini?"

Mkeka ukatandikwa. Mama Kulwa alikuja na Kulwa, wamevaa safi. Akanawa mikono kwa makini kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Baba hakusimulia lolote siku hiyo. Alizipitisha haraka zile picha saba za kwanza, hakuna aliyezitazama. Akasimama.

"Mama Kulwa, nimekukosea mara ya pili. Picha zao hazikutoka mbili. Imetoka moja, na imeharibika."

Akampa. Mama Kulwa aliishika pembeni, akaisogeza karibu, akaitenga mbali. Mimi nilichungulia begani kwake. Kibuyu kilikuwa kinaelea juu ya blanketi. Ukuta wa Geita ulikuwa umesimama katikati ya uwanja wetu wa Didia. Na ndani ya mwili mmoja mwembamba kama moshi, mikono minne, miguu minne, vichwa viwili vimelaliana shavu kwa shavu, vyote vinacheka, mapengo mawili wazi.

Bibi akanyoosha shingo, akaitazama ile karatasi, akasema, "Mwadila." Akatulia. Akasema tena, "Mwadila," safari ya pili, kwa yule mwingine.

Mama Kulwa akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Wamelala pamoja," alisema. "Oneni, wamelala pamoja kama zamani." Baba akajaribu kumweleza habari za kuzungusha mkanda, naye akampungia mkono anyamaze. "Usiniharibie, Baba Kabula. Kaa chini. Umekula?"

Mvua za kwanza zilipoanza, lori lilimshusha Doto barabarani, amenenepa, ana kofia kuukuu ya mchimbaji iliyomfika mabegani. Wiki nzima hawakucheza na sisi. Walikaa na picha ile, wakigombania miguu: huu wangu, huo wako, mwongo, huo una kovu langu.

Mwezi uliopita niliichukua ile hasi, kile kipande cha mkanda wenyewe, aliyoniachia Baba, nikaipeleka studio mjini ili nimtolee Mama Kulwa nakala mpya. Yake imefifia kwa kushikwa. Kijana wa pale, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, viatu vya raizoni virefu kama kinu, aliimulika kwenye taa akacheka kidogo. Nyuma yake kulikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, na wenzake watatu walikuwa wamepanga foleni kupigwa picha kana kwamba wanaipanda, kwenye mkanda wa picha thelathini na sita, wote wametunisha vifua vile vile na kuvaa miwani ile ile.

"Dada, mpiga picha huyu alikuwa hajui kazi," akaniambia. "Niache nikutengenezee, nimtoe huyu mmoja, abaki mmoja safi."

"Usimtoe mtu," nikasema.

Alinishangaa, akainua mabega, akaandika jina langu kwenye bahasha. Njoo kesho asubuhi, alisema, zitakuwa tayari. Kesho asubuhi! Nilitoka nje nikiwa nimechanganyikiwa na upesi huo. Nilikuwa nimejiandaa kusubiri mwezi, na kwa kweli ningeupenda mwezi wenyewe: kuulizwa kisimani, kujibu bado, kusikia beseni likiwekwa uani. Vijana hawa wana picha nyingi kuliko sisi tulivyokuwa na nguo, nami siwaonei wivu wa picha. Ninawaonea huruma tu kwamba hakuna anayenawa mikono.