Mwaka Damu Yangu Ilipokatika

Sikulelewa kuzungumza haya mambo, na hata sasa nikiyasema masikio yanawaka moto.

Tulikuwa tumetoka Mkoa wa Kati, tukanunua shamba pamoja na watu wa kwetu huku Langas, kipande cha lile la mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru. Desemba moja kifungua mimba wetu alitahiriwa. Kwetu, mtoto akishapita kisuni, mama yake hazai tena. Sheria hiyo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua. Ukibeba mimba na mwanao ameshakuwa mwanamume, utachekwa mtoni, utachekwa kwa posho mill ukisaga mahindi, utachekwa mpaka kanisani.

Sasa shetani gani huyu aliniingia? Maana mwaka uliofuata nilimtaka mzee wangu kuliko nilivyomtaka nikiwa msichana. Namwona tu akivua gambuti mlangoni, nashtuka mwili mzima. Mimi, mama wa watoto sita, wa kikundi cha akina mama kanisani! Niliomba Mungu aniondolee. Hakuondoa. Na mzee naye hakulalamika, huyo.

Kisha damu ikakatika. Februari hakuna, Machi hakuna. Woi, nilijua nimekwisha. Nilijifunga leso juu ya tumbo ambalo hata halikuwa limefura, nikaanza kumkwepa kijana wangu. Akiomba chai naweka kikombe na kugeuka haraka, asije akanitazama. Nilipomwambia mzee, akasema, "Watu watatucheka."

Nikaenda hospitali mjini. Nesi alikuwa mama wa kutoka magharibi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na kati yetu na benchi la wagonjwa palikuwa na pazia tu.

"Mama, hakuna mimba," akasema baada ya kunipima. "Ni homoni. Umri umefika, zinapanda na kushuka vile zinataka. Hata hamu ya kumtaka mzee inaweza kuzidi, ama ipotee kabisa. Yako iko namna gani?"

Upande wa pili watu waliacha kukohoa.

"Ilipotea zamani," nikasema. Uongo mtupu!

"Hata ikizidi, si ugonjwa na si dhambi," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na, kusema kweli, nilikuwa na furaha. Hakuna mimba, na hofu ya mimba ndiyo hiyo imekwenda. Nilidhani sasa tumepata uhuru wetu, mimi na mzee. Nilimkuta akikamua ng'ombe, nikamweleza kwamba ni umri tu, sitazaa tena. Habari ya hamu sikuigusa. Ningeanzia wapi?

"Mungu ni mwema," akasema. "Basi kazi hiyo imekwisha. Tusijiaibishe tena na hawa watoto wakubwa."

Jumamosi alimwita kijana wetu, wakabeba kitanda cha wageni mpaka stoo ya mahindi. Kijana alikuwa mchangamfu siku hiyo, anajivunia wazazi wenye heshima.

"Mama, sasa utalala vizuri," akaniambia. "Utapata nafasi."

Nikamwambia asante. Kisha nikachukua shuka, nikaenda kumtandikia mzee wangu kitanda chake, nao mwili unamtaka hivyo hivyo. Nilikitandika kila asubuhi mpaka alipokufa.